Tangazo Lililo Mlangoni pa Ukumbi

Msomaji kijana, yawezekana umekwisha kuliona tangazo lenyewe. Limebandikwa ubaoni karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, au mwalimu wako wa Kiswahili amelisoma mbele ya darasa huku akiwakumbusha wale ambao hawajalipa nauli na kiingilio. Lasema kwamba asubuhi ya siku fulani mchezo wa kitabu mnachokisoma utachezwa katika ukumbi wa mjini. Na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo hazikukusudiwa kwako, laongeza kwamba jioni ya siku hiyo hiyo kutakuwa na taarabu. Wengi wenu hulisoma tangazo la namna hii kama wasomavyo ratiba ya mtihani. Mimi nataka ulisome kama mtu aliyealikwa kutoa hukumu, kwa kuwa ukishaketi na taa zikazimwa, hukumu utaitoa upende usipende. Utacheka au hutacheka, utanyamaza au utapiga makofi, na wachezaji walio jukwaani watakutii upesi kuliko wanavyomtii mwandishi wa mchezo.

Nianze kwa kuungama kosa langu. Katika miaka ile ambapo Kigogo cha Pauline Kea kilikuwa kitabu cha mtihani, niliketi katika ukumbi mmoja uliojaa wanafunzi wa shule nyingi, nikitazama kundi ambalo sitalitaja jina. Mchezo huo wahusu nchi ya Sagamoyo na mtawala wake Majoka, ambaye amelifunga soko la Chapakazi na kuwanyima wachuuzi riziki yao, ilhali pombe haramu yauzwa kwa idhini yake. Katika onyesho moja twapelekwa Mangweni kwa Mamapima, ambako walevi wamekaa wakinywa na kupiga soga. Mwandishi ametia mzaha mahali hapo, nao ni mzaha wa haki. Lakini ndani yake mna sumu, maana watu hawa wanaotuchekesha ni raia waliopewa kileo badala ya kazi, nao wamemshukuru aliyewapa.

Kundi lile liliona kwamba watoto wanacheka. Mchezaji aliyekuwa Ngurumo alipepesuka, tukacheka. Akaanguka, tukacheka zaidi. Akainuka na kutoa maneno yasiyokuwamo kitabuni, maneno ya mitaani yenye utamu wake, akawasemesha walimu walioketi safu ya mbele, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vicheko. Onyesho ambalo kwa kusomwa darasani ni fupi lilirefuka hata nikadhani wamesahau njia ya kurudi katika mchezo. Mwishowe walirudi. Na ilipofika habari kwamba Ngurumo amekufa, kwamba amenyongwa na chatu alipokuwa akitoka ulevini, watazamaji wote walicheka tena, maana jina lake lilikwisha kuwa kichekesho. Nami nilicheka pamoja nao.

Nilikuwa njiani kurudi nyumbani nilipofahamu tuliyoyatenda. Mtu alikufa, mtawala hakujali, na sisi tuliokuwa wengi katika ukumbi ule tulisimama upande wa mtawala pasipo kujua. Mwandishi alitaka kicheko chetu kitukwame kooni hapo. Kundi lile lilikiondoa kitu cha kukwama, likatupa kicheko kitupu, nasi tukatoka tumeridhika, tukinunua karanga na soda mlangoni.

Ni nani wa kulaumiwa? Ni rahisi kuwashika wachezaji, lakini sioni haki kuwalaumu peke yao. Makundi haya yanayocheza vitabu vya mtihani huishi kwa viingilio vyenu. Husafiri mji hata mji wakati wa muhula, na mahali pasipo na ukumbi hucheza katika bwalo la chakula la shule, ambako sauti hupotea darini na mchezaji hana budi kupaza kila neno kana kwamba ananadi samaki. Mchezaji aliyefanya kazi hivyo kwa majuma mengi hujifunza haraka ni kitu gani huwaamsha watu waliochoka. Wala sisemi kwamba kuongeza neno ni dhambi. Bibi zetu walipotutambia hadithi, hakuna aliyeisimulia kwa maneno yale yale mara mbili. Alitazama nani yupo, akamtia ndani ya hadithi mtoto aliyekuwa mkaidi siku hiyo. Tofauti ni kwamba bibi alipomtia mtoto yule ndani, alimpeleka mpaka mwisho wa hadithi, hata kama mwishoni palikuwa na zimwi. Kundi lile lilitutia ndani ya mchezo kisha likatuacha nusu ya njia.

Basi neno lililoongezwa lipime kwa jambo hili: je, limekusogeza ndani ya mchezo, au limekutoa? Ukipata jibu, umekwisha kuwa mhakiki, hata kama hujapata kulitamka neno hilo kwa sauti.

Sasa tutazame nyumba yenyewe, maana nyumba nayo husema. Wale watakaopelekwa Nairobi wataingia katika Ukumbi wa Michezo wa Taifa, ulio chini ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1951. Uko karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, na mbele yake, ng'ambo ya barabara, ipo hoteli ya Norfolk. Ukumbi ulifunguliwa Novemba 1952, na aliyeufungua ni Ralph Richardson, mchezaji mashuhuri kutoka Uingereza. Ikumbuke tarehe hiyo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo. Kwa hiyo katika majuma yale yale ambayo Waafrika walikuwa wakikamatwa na kutiwa kizuizini, pazia lilifunguliwa katika nyumba iliyoitwa ya taifa. Taifa gani? Kwa miaka mingi jibu lilionekana wazi kwa kutazama majina yaliyokuwa katika matangazo yake na lugha iliyosemwa jukwaani.

Swali hilo halikuisha mwaka 1963 bendera ilipobadilishwa. Mwaka 1976 michezo miwili ya Kikenya ilitayarishwa kwenda katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos, Nigeria, mwaka 1977. Mmoja ulikuwa ule wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, ambao baadaye ulitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Wa pili ulikuwa wa Francis Imbuga, juu ya usaliti mjini. Ngugi, aliyefariki mwaka 2025, aliandika kwamba iliwawia vigumu kupata nafasi katika ukumbi huo, kwa kuwa siku zilikuwa zimetengewa maonyesho ya kigeni, wakapewa siku chache tu. Hizo chache zilitosha. Watu walijaa.

Mwaka uliofuata Ngugi huyo, pamoja na Ngugi wa Mirii na wanakijiji wa Kamiriithu huko Limuru, aliiacha nyumba ya mjini kabisa. Wanakijiji walijenga jukwaa lao wenyewe, mahali pa wazi, wakacheza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, lugha waliyoitumia shambani na kiwandani. Jambo la kukuvutia wewe ni kwamba mazoezi yao hayakufichwa. Aliyepita njia aliweza kusimama na kutazama, na mzee aliyeona kwamba mchezaji amekosea namna mtu wa rika lake aongeavyo, alimsahihisha pale pale. Yaani hukumu ilianza kabla ya siku ya kwanza ya kiingilio. Novemba 1977 serikali iliondoa ruhusa ya mchezo, na mwishoni mwa mwaka Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Jukwaa lenyewe lilibomolewa mwaka 1982. Mwaka 2022 mchezo huo huo ulichezwa katika Ukumbi wa Taifa mjini Nairobi, watu wakakata tiketi na kuketi katika viti vya kukunjua, wala hapana aliyekamatwa. Mimi nafurahi kwa jambo hilo, ingawa nakiri kwamba mchezo uliofanyizwa chini ya jua, kati ya watu waliojuana, ukiingizwa gizani hupoteza kitu. Katika giza huwezi kumwona jirani yako akikasirika.

Habari hizi nimezitaja ili usidhani kwamba tangazo la mchezo ni karatasi tu. Kila jina lililomo liligombaniwa na mtu.

Tena usidhani kwamba michezo ya Kiswahili ilitoka kwa watu wazima tu, ikashushwa kwenu. Mwaka 1954 kijana wa shule ya Alliance, Henry Kuria, alitunga mchezo ulioitwa Nakupenda Lakini, nao ukachezwa na wanafunzi wenzake, kisha ukachapishwa mwaka 1957. Ulikuwa mmojawapo wa michezo ya mwanzo ya Kiswahili kuchapishwa katika nchi hii. Mtunzi wake alikuwa na sare ya shule, na kengele ya kulala ilimkata maneno kama ikukatavyo wewe.

Na sasa mchezo ulio katika tangazo. Tuseme kwamba ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, kitabu kilichoshika nafasi ya Kigogo katika mtihani. Nimeusoma mchezo huu mara kadhaa, na kwa maoni yangu ni mgumu kuchezwa kuliko Kigogo, kwa sababu hauna mtawala mwenye kelele wala maandamano. Ni habari ya nyumba. Sara ni mgonjwa. Mumewe Yona aliwahi kumpiga na kumdharau, na ulevi ulimharibia maisha, lakini sasa yu kando yake katika maradhi. Binti yao Neema abeba gharama ya matibabu, na mumewe Bunju ana mipaka yake kuhusu kumpokea mama mkwe nyumbani kwake. Hakuna anayeingia kwa kishindo. Watu huketi, husemezana, hunyamaza. Uzito wote umo katika jambo ambalo mtu alikaribia kulisema akaliacha.

Mtazame Yona. Nina hofu juu yake, na hofu yangu yatokana na siku ile ya Ngurumo. Yona ni mtu aliyekunywa, na kundi lolote lililozoea vicheko litashawishika kumfanya apepesuke. Wakifanya hivyo, ukumbi utacheka, na onyesho litakwenda vizuri, na mchezo utakuwa umekufa. Maana tukimcheka Yona mwanzoni, hatutaweza kuamini majuto yake, na tusipoamini majuto yake, Sara atabaki mwanamke mjinga asiyejua kwa nini amevumilia. Mchezaji mwema wa Yona atakuwa na mikono isiyojua pa kukaa. Atataka kumpa mkewe maji, akasita kidogo kabla ya kumgusa, kwa kuwa mkono huo huo ulimpiga. Hilo halikuandikwa kitabuni kwa maneno. Mwandishi hakuhitaji kuliandika. Ni kazi ya mchezaji kuliona, na ni kazi yako kuona kama ameliona.

Msikilize Neema pia. Katika madarasa yetu hujadiliwa kama binti mwema na basi, na insha nyingi nilizosahihisha humpamba kwa sifa hadi anatoweka. Binti anayelipa deni la hospitali, na aliyekwama kati ya mama yake na mume wake, ana haki ya kuchoka. Nikimwona mchezaji wa Neema akitabasamu tangu mwanzo mpaka mwisho, nitajua kwamba amesoma mwongozo wa mtihani wala hakukisoma kitabu. Na Bunju asifanywe jambazi. Mume asemaye kwamba mama mkwe hawezi kulala nyumbani kwake anashikilia desturi ambayo wengi kati ya wazazi wenu wanaishikilia mpaka leo, nao si watu wabaya. Mchezo ni mzuri kwa sababu kila mmoja ana sababu yake.

Juu ya mapambo ya jukwaa sina mengi. Kiti kimoja na kitanda vyatosha. Nimeona makundi yaliyoleta ukuta wa mbao uliopakwa rangi nzuri, nao ukatikisika kila mlango ulipofungwa, hata tukawa tunauhofia ukuta kuliko tunavyomhofia mgonjwa.

Baada ya mchezo wa asubuhi mtapandishwa katika basi kurudi shuleni. Lakini kama una mjomba au shangazi mjini, na ukapata ruhusa, omba ubaki jioni kwa ajili ya taarabu. Najua mtakavyosema: hayo ni mambo ya arusi na ya wazee. Hata hivyo mtu aliyesomea ushairi darasani, akahesabu mizani na kutafuta vina kwa kalamu nyekundu, hajaujua ushairi wa Kiswahili mpaka ausikie ukiimbwa. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwa mahadhi yenye kukumbusha nyimbo za filamu za Kihindi. Na mengi kati ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir, malenga yule yule ambaye diwani yake huisoma maktabani. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa fundi wa udi, na mtu akimsikiliza hufahamu kwa nini kituo kipo katikati ya mshororo: ndipo chombo kinapovuta pumzi.

Hapa pia nyumba itasema, na pengine itasema vibaya. Taarabu imezoea mahali ambapo watu huonana. Mwanamke husikia ubeti uliomgusa, huinuka, hupita mbele ya watu wote pole pole kwa mwendo wa madaha, na kumtunza mwimbaji pesa. Na kila aliyeketi hujiuliza ubeti huo umempiga nani. Nusu ya maana ya wimbo imo katika mwendo huo. Fumbo alilolitunga mshairi hufumbuliwa na miguu ya msikilizaji. Sasa mpeleke mwimbaji yule yule katika ukumbi wenye viti vilivyopigiliwa sakafuni, na taa zilizozimwa upande wa watu, na kijana wa mlangoni anayewaomba watu wasisimame: wimbo utasikika vizuri sana, pengine vizuri kuliko arusini ambako watoto hulia na sahani hugongana, lakini hakuna atakayeinuka, na fumbo litakaa bila kufumbuliwa. Sisemi taarabu isiletwe ukumbini. Nasema wenye ukumbi wawashe taa, waache njia pana kati ya viti, wasione haya mtu akicheza. Ikiwa jioni hiyo utamwona mama mmoja akiinuka licha ya kijana wa mlangoni, mtazame vizuri, kwani yeye ndiye aliyeuelewa wimbo.

Limebaki neno moja juu ya lile tangazo. Nimekuwa na desturi, kila nipitapo karibu na kumbi zetu, ya kusoma mabango yaliyobandikwa nje na kutazama lugha zake. Mengi ni ya Kiingereza. Kuna ya vichekesho katika lugha za nyumbani, Kikuyu mara nyingi, nayo hujaza watu bila shida. Kiswahili hukiona zaidi asubuhi za siku za shule, kikiletwa na mtihani. Mtihani ukibadili kitabu, mchezo hutoweka kana kwamba haujapata kuwako. Ni lini uliona Kinjeketile cha Ebrahim Hussein kikichezwa jioni, kwa watu wazima waliokata tiketi kwa hiari yao? Mchezo huo ulichapishwa mwaka 1969, wahusu Vita vya Majimaji, na ni mmoja wa michezo mikubwa iliyoandikwa kwa lugha hii; lakini kwa kuwa hautahiniwi, ubao wa ukumbi haujui kwamba upo. Vivyo hivyo Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, kilichopata kusomwa na maelfu ya wanafunzi, kikakaririwa, kikawekwa kando. Wanafunzi wale sasa ni watu wazima wenye mishahara. Hakuna aliyewaalika kurudi kumwona Mwelusi wakiwa na umri wa kumwelewa.

Mwenye ukumbi mmoja alinijibu kwamba watu wazima hawanunui tiketi ya mchezo wa Kiswahili. Huenda asema kweli. Nami nilimwuliza kama amepata kuwauzia, akaniambia nimpishe, kwani basi la shule limefika.

Kwa hiyo soma onyesho la kwanza la Bembea ya Maisha kabla ya siku hiyo, kwa sauti, pamoja na rafiki mmoja, ili uwe na Yona wako mwenyewe kichwani utakapomwona wa kwao. Chagua kiti cha katikati. Vile vya mbele hutazama miguu, na vya pembeni huficha nusu ya kitanda cha mgonjwa. Mimi nitakuwa safu ya nyuma, karibu na mlango, nikisikiliza mahali mtakapocheka.